Treni ya wazimu na kile kilima chetu cha majerikani

Wiki hii ni zamu yangu kuandika historia, na najua wengi mlitegemea niandike juu ya Lumumba, manake ndivyo nilivyoahidi. Lumumba atasubiri kidogo. Kuna jambo limetokea hapa kwetu na linaninyima usingizi, kwa hiyo nitaandika juu ya rolakosta.

Msicheke kwanza.

Mnakijua kile kilima nyuma ya bomba la maji la zoni yetu. Mvua ikinyesha, watoto wanakata jerikani la njano katikati, wanakalia kipande, wanateremka kwenye matope mpaka chini karibu na shamba la mihogo. Kelele zao unazisikia ukiwa kwenye foleni ya maji. Mwezi uliopita mtoto mmoja wa miaka tisa aligonga kisiki akavunjika mkono. Kesho yake likaja tangazo: kilima kimefungwa, mtoto akikutwa pale jerikani linachukuliwa. Na bei ya jerikani mnaijua.

Tukaitwa kwenye kikao, sisi wa kujitolea tunaoangalia watoto, pamoja na watu wa shirika. Dada mmoja wa shirika, mtu mzuri sana ambaye ninamheshimu na jina lake silisemi, alisema hivi: hawa watoto wametoka kwenye vita, wameogopa vya kutosha, wanahitaji michezo ya kutuliza kama kuchora na kuimba. Watu wakakubali. Mimi nikanyoosha mkono, nikaanza kueleza mambo ya Coney Island na nyumbu wa Pennsylvania, mwenyekiti akaniambia, "Kaka, fupisha." Sikuweza kufupisha. Nikaambiwa basi andika. Ndiyo hii.

Nikiri mapema: sijawahi kupanda rolakosta hata moja. Kwa ambao hamjaiona, ni treni ndogo isiyo na injini. Inavutwa kwa mnyororo mpaka juu ya mlima wa mbao au wa chuma, halafu inaachwa. Kuanzia hapo hakuna anayeisukuma. Inashuka, inapanda, inapinda, yote kwa ule uzito wake na urefu ilioanza nao, mpaka irudi kwenye kituo ilikotoka. Watoto hapa wanaiita treni ya wazimu. Niliijua kwenye kibanda cha kuchaji simu. Unalipa, unasubiri saa tatu simu ijae, na mwenye kibanda alikuwa na video amezihifadhi, mtu amefunga kamera kwenye kiti cha mbele. Wengine walitaka mpira, mimi nikawa naomba turudie treni. Sasa ni miaka sita. Nikipata bando ninasoma juu yake, na majina ya wajenzi ninayajua kama wenzangu wanavyojua wachezaji wa Arsenal.

Binamu yangu aliyepata kwenda Marekani anakaa Ohio. Kwa mtu kama mimi Ohio ni kama Maka. Kule kuna The Beast, rolakosta ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1979 katika bustani ya Kings Island, na mpaka leo ndiyo ndefu kuliko zote za mbao duniani, mita 2,243. Akaipanda! Akanitumia ujumbe wa sauti. Namuuliza, eh yaya, ukiwa pale juu uliona nini? Ananijibu, "Nilifunga macho mwanzo mpaka mwisho." Sikuongea naye siku mbili. Lakini akaongeza kwamba aliposhuka, miguu ikitetemeka, alikwenda moja kwa moja kupanga foleni tena. Hayo maneno yashikeni, nitayarudia.

Tuanze na jina. Mliosoma Kifaransa kule Kongo na Burundi mnajua inaitwa montagnes russes, milima ya Kirusi. Waspania nao wanasema vilevile. Sasa nenda Urusi uulize: Warusi wanaiita milima ya Kimarekani. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake ng'ambo ya mpaka.

Wafaransa ndio wenye haki. Katika karne ya 17 na 18, hasa karibu na St. Petersburg, Warusi walijenga minara ya mbao, mingine kupita mita 20, wakamwagia maji kwenye mteremko wake, baridi ikayagandisha. Mtu anapanda ngazi, anakalia kipande cha barafu kilichotandikwa majani makavu, anateremka. Yaani jerikani letu lile, tofauti ni matope tu. Malkia Catherine wa Pili aliupenda mchezo huo kiasi kwamba kule Oranienbaum alijengewa wa magurudumu ili asisubiri baridi, na jengo la kuanzia safari lipo mpaka leo. Halafu mwaka 1817, miaka michache tu baada ya majeshi ya Napoleon kupigana na Warusi, Paris ikafunguliwa milima miwili ya namna hiyo, mmoja pale Belleville. Hapo magurudumu yalibanwa ndani ya reli ili gari lisitoke njiani. Watu wanapigana, halafu mmoja anachukua mchezo wa adui yake. Nimeyaona hayo hata hapa kwetu.

Lakini mimi moyo wangu uko kwenye hadithi ya pili, ya Pennsylvania, kwa sababu inaanzia mgodini. Baba yangu alichimba dhahabu Kamituga, alibeba mifuko ya mawe mgongoni, na nilipoisoma hii nilimkumbuka.

Mwaka 1827, kwenye mji uliokuwa unaitwa Mauch Chunk, kampuni ya makaa ya mawe ilijenga reli ya kilomita kama 14 kutoka mlimani mpaka mtoni. Mgodi uko juu, mashua ziko chini. Injini ya nini? Mabehewa yaliyojaa makaa yaliachwa yateremke yenyewe, mtu mmoja ameshika breki. Kuyarudisha juu ndiko kulikuwa kazi, yalivutwa na nyumbu, wale watoto wa punda na farasi. Na nyumbu walishukaje tena? Walipakiwa kwenye behewa lao, wakateremka pamoja na mizigo wakiwa wanakula. Inasimuliwa kwamba baada ya kuzoea safari hiyo, nyumbu wakakataa kabisa kushuka kwa miguu. Piga, vuta, hawaendi. Wanataka behewa! Ndugu zangu, abiria wa kwanza walioipenda rolakosta ya Marekani walikuwa nyumbu wa mgodini.

Watu nao wakaanza kuomba kupanda. Miaka ya 1840 kampuni ikajenga njia ya kurudia yenye injini za mvuke za kuvuta mabehewa juu, reli ikawa mzunguko kamili. Miaka ya 1870 makaa yakapata njia nyingine kupitia handaki, na ile reli ikabaki ya abiria wa starehe peke yake, ikaendelea hivyo mpaka miaka ya 1930 mwanzoni. Njia ileile iliyovunja migongo ya watu kwa kazi, wengine walisafiri mbali wakalipa ili waipande kwa furaha. Sijui kama nifurahi au nikasirike. Siku nyingine hivi, siku nyingine vile.

Mtu aliyeleta mambo hayo mjini anaitwa LaMarcus Thompson. Tarehe 16 Juni 1884 alifungua reli yake ya mbao Coney Island, ufukweni mwa New York. Nauli senti 5. Abiria walikaa ubavu kama kwenye benchi, wakiangalia pembeni, na mwendo ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa. Bodaboda ya hapa ingeipita ikiwa imebeba mbuzi na mwenye mbuzi. Mkifika mwisho mnateremka, vijana wa kazi wanalisukuma behewa juu ya mlima wa pili, mnarudi. Hata hivyo watu walijaa. Thompson anasimuliwa kuwa mtu wa dini aliyechukia baa, akataka vijana wapate furaha isiyo ya pombe. Nyinyi wa mashirika mnaoandika maombi ya fedha juu ya vijana na ulevi, huyo ni mwenzenu.

Baada yake kila mtu akataka kumshinda jirani, na wengine walifanya ujinga. Mwaka 1895, palepale Coney Island, ilijengwa Flip Flap, treni ya kupinduka kichwa chini miguu juu kwenye duara kamili. Watu walishuka wameshika shingo. Nilichukua daftari langu la fizika la sekondari nikakokotoa mwenyewe kwa nini. Ili behewa lisianguke pale juu ya duara, lazima liwe na kasi fulani. Ili liwe na kasi hiyo juu, lazima liingie chini na kasi kubwa zaidi. Ukimaliza hesabu, jibu ni kwamba pale chini, mara tu unapoingia, unakandamizwa kwa nguvu isiyopungua mara sita ya uzito wako. Na kinachoshangaza, ukubwa wa duara unajifuta kwenye hesabu. Liwe dogo, liwe kubwa, ni sita. Mtu wa kilo 60 anakuwa kama wa kilo 360, ghafla, shingo haijajiandaa. Mwaka 1901 akaja Edwin Prescott na duara lililorefushwa kama yai. Shingo zikapona kidogo, ila behewa lilibeba watu wachache mno, na waliokuja kutazama walizidi waliopanda.

Ikabidi kusubiri miaka 75. Mwaka 1976 Wajerumani wawili, mjenzi Anton Schwarzkopf na mhandisi Werner Stengel, walitoa treni ya kupinduka kule Magic Mountain, California, yenye umbo la tone la maji: chini pana, juu pembamba. Unaingia kwenye mpindo mpana, unabanwa taratibu, halafu juu unageuzwa haraka wakati kasi imepungua. Zile unazoziona leo zinapinduka, nyingi zimefuata umbo hilo. Hawakukataza kupinduka. Walibadilisha umbo. Nilipokuwa naandika sentensi hizo mbili nilikuwa namfikiria mwenyekiti wetu.

Ila ukiniuliza mimi nani mkubwa wao wote, nitakwambia John Miller. Kabla yake treni ilikaa kwenye reli kwa uzito wake tu. Mteremko ukiwa mkali sana, behewa linanyanyuka, linatoka. Kwa hiyo milima ilibidi iwe ya upole. Mwaka 1919 Miller alipata hati ya uvumbuzi wa gurudumu la tatu: moja juu ya reli, moja ubavuni, moja chini ya reli. Behewa likaikumbatia reli, halitoki hata likitaka. Ni huyohuyo Miller aliyeweka meno ya chuma chini ya behewa, yanayonasa kwenye ngazi ya reli wakati wa kupanda ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Ule mlio wa ka-ka-ka-ka unaousikia kwenye video, unaowafanya watu waanze kulia kabla hata ya kushuka, ndio mlio wa kifaa cha kuwalinda. Hawajui. Wanaogopa kile kinachowashika.

Baada ya gurudumu hilo, wajenzi wakaachiwa mikono. Miaka ya 1920 Marekani ilikuwa na rolakosta zaidi ya elfu moja. Cyclone ya Coney Island ilifunguliwa tarehe 26 Juni 1927, mbao juu ya fremu ya chuma, mita 26, mteremko wa kwanza unakaribia nyuzi 60. Bado inatembea. Umri wake ni kama wa bibi yangu, na yeye pia bado anatembea, ingawa kwa fimbo.

Hapa niseme maoni yangu wazi: mbao ni bora kuliko chuma. Najua wapo watakaobisha. Za chuma ni laini, hesabu zimekamilika, unateleza tu. Za mbao zinatikisika, zinalia, jukwaa lote linacheza treni ikipita, na limejengwa lifanye hivyo, manake likikaza sana litavunjika. Kuna ule wakati juu ya kilima ambapo tako linaachana na kiti, sekunde moja au mbili, uzito wako haupo. Wapenzi wa treni hizi wanahesabu sekunde hizo kama waumini wanavyohesabu shanga. Za mbao zinazitoa ghafla, bila adabu. Pale Abu Dhabi, ambako dada zetu wengi wameenda kufanya kazi za ndani, kuna Formula Rossa ya chuma inayofika kilomita 240 kwa saa, abiria wanavaa miwani. Video yake nimeitazama mara mbili, ikanitosha. Kasi tupu ni kama pilipili bila chakula.

Juu ya Cyclone inasimuliwa hadithi moja. Mwaka 1948 mchimba makaa kutoka West Virginia, mtu aliyekuwa amepoteza sauti miaka kadhaa, alipanda na mwenzake. Kwenye mteremko wa kwanza akapiga kelele. Aliposhuka akasema anajisikia vibaya, halafu akazimia kwa kusikia sauti yake mwenyewe. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa hivyo hasa, magazeti yanapenda kutia chumvi. Lakini tunaofanya kazi na watoto hapa tunawajua wale wasioongea. Kuna mmoja, jina nalificha, alikaa nasi miezi minne akichora duara tu, duara, duara. Hakusema kitu. Sauti yake niliisikia mara ya kwanza kwenye kile kilima. Alikuwa amekalia jerikani nyuma ya mwenzake, na alipiga kelele ndefu mpaka chini. Sisemi alipona. Kesho yake alinyamaza tena kama kawaida. Nasema niliisikia.

Kwa hiyo dada yetu wa shirika akisema wameogopa vya kutosha, ninakubaliana naye nusu. Usiku tulipokimbia kwetu hakuna aliyetuuliza kama tuko tayari. Hatukujua mwisho uko wapi. Hakuna aliyesema "tukifika chini tutapumzika." Kwenye kilima mtoto anapanda mwenyewe, anasubiri zamu, anaangalia chini anaona shamba la mihogo pale safari inapoishia, na akiona hawezi anashuka kwa miguu, anachekwa kidogo, basi. Binamu yangu alifunga macho safari nzima na akarudi kwenye foleni. Hakuna aliyetoka kwetu aliyerudi kupanga foleni ya usiku ule. Ni woga wa aina mbili, na watoto wanautofautisha haraka kuliko sisi.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniuma, manake hizi bustani za burudani si historia ya furaha peke yake. Ukizisoma kwa karibu unakuta lango, na langoni kuna mtu anaamua nani anaingia.

Mwaka 1905, Luna Park ya Coney Island, bustani iliyong'aa kwa taa za umeme, ilileta watu wa Igorot kutoka Ufilipino wakae ndani ya uzio watazamwe. Mwaka uliofuata, katika mji huohuo wa New York, mtu wetu Ota Benga, Mmbuti kutoka Kongo, aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx. Watu walipanga foleni. Wachungaji weusi wa New York ndio waliopiga kelele mpaka akatolewa. Alijitoa uhai Machi 1916 kule Lynchburg, Virginia, hajarudi kwao. Nilipojua tarehe hizo ziko karibu hivyo na zile treni ninazozipenda, niliona aibu, kama nimekula kwa mtu halafu nikasikia alichomfanyia mjomba wangu.

Waliokuwa raia nao walifungiwa. Katika barua aliyoiandika akiwa gerezani Birmingham, Aprili 1963, Martin Luther King anataja jinsi ulimi unavyokwama mzazi anapomweleza binti yake wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda Funtown, bustani aliyoiona ikitangazwa kwenye televisheni, kwa kuwa watoto weusi hawaruhusiwi. Katika mambo yote mazito ya barua ile, bustani ya michezo ya watoto imo. Mtu asituambie hayo ni mambo madogo.

Kule Glen Echo, Maryland, tarehe 30 Juni 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard waliingia wakapanda farasi wa mbao wa kuzunguka na wakakataa kushuka. Watano wakakamatwa. Wakarudi na mabango kiangazi kizima, majirani wazungu wa mtaa wa karibu wakaungana nao, na msimu wa 1961 lango likafunguliwa kwa wote. Gwynn Oak, karibu na Baltimore, ilichukua muda zaidi. Tarehe 4 Julai 1963, sikukuu yao ya uhuru, karibu watu 300 walikamatwa pale, wakiwemo mapadri, wachungaji na marabi. Lango lilifunguliwa tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile King alipohutubia Washington. Siku hiyo mtoto mweusi, msichana ambaye hajatimiza mwaka mmoja, alipandishwa na baba yake kwenye farasi wa kuzunguka. Farasi hao baadaye walihamishiwa Washington, kwenye uwanja mkubwa uleule ambako watu waliandamana. Binamu yangu akifika huko nimemwagiza picha, na safari hii afungue macho.

Hatari ipo, siifichi. Tarehe 30 Mei 1972, London, kwenye Big Dipper ya Battersea Park, treni ikiwa inavutwa juu ilirudi nyuma, na kile kifaa cha kuizuia kikashindwa. Watoto watano walikufa. Ilikuwa ya mbao, aina ninayoisifia. Niliposoma hayo niliacha video wiki nzima. Na kule Kanada kulikuwa na Cyclone nyingine, ya Crystal Beach, ya mwaka 1927, kali hivyo kwamba muuguzi aliwekwa kituoni. Watu walikuja kwa maelfu kuitazama, wakapungua waliotaka kuipanda, na mwaka 1946 ikafungwa. Yaani woga nao una kipimo. Ukizidi, foleni inakwisha yenyewe.

Ndiyo maana kwenye rolakosta ya mbao inayotunzwa vizuri, kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, fundi anatembea reli yote kwa miguu na spana mkononi, anagusa msumari kwa msumari. Kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi. Sisi kilima chetu nani alikitembea? Kile kisiki kilikuwepo msimu mzima. Mimi mwenyewe nilikiona. Nilikipita mara nyingi nikienda kuchota maji na sikufanya kitu, na mama wa yule mtoto nimemwambia hivyo uso kwa uso. Alininyamazia, halafu akanipa kiti.

Juzi tulirudi kwenye kikao, safari hii na karatasi. Tumeomba hivi: visiki vyote saba ving'olewe, tumevihesabu. Chini pachimbwe mtaro mpana ujazwe nyasi, treni iwe na mahali pa kufia. Mteremko uchongwe uanze mkali halafu ulale polepole, usikate ghafla. Ateremke mmoja mmoja, mkubwa mmoja juu na mmoja chini, na asiyetaka asisukumwe. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi mmoja wetu anakitembea kilima kabla ya mtoto yeyote kufika. Dada wa shirika alisoma yote, akauliza maswali magumu juu ya nani atakuwa zamu siku za mgao wa chakula, na kusema kweli hilo hatukuwa na jibu. Amesema atakuja kuona kwa macho yake kabla ya kukubali au kukataa. Jerikani matatu yaliyochukuliwa yamerudishwa.

Anakuja Jumatatu. Visiki tunang'oa Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwenye jembe aje nalo, mwenye panga vilevile, na kama kuna mtu ana sururu naomba aniandikie hapa chini, manake kile kisiki kikubwa cha katikati mizizi yake imeingia ndani sana.